Baba alipimwa moyo kwa ECHO na daktari mtani wake, majibu akayachukulia utani. Nimechoka

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Na akina dada mnaosoma kila kitu humu bila kuandika neno, nawaona pia, maana mimi ni wa kundi lenu.

Nimesoma humu miaka mingi, sijawahi kufungua uzi. Leo nafungua kwa sababu nimechoka, na aliyenichosha ni baba yangu mzazi, kwa hiyo siwezi kwenda kumsema mtaani. Nitakayoandika ndiyo yaliyotukuta, sijatia chumvi. Chumvi yenyewe imenitesa vya kutosha, mtaona huko mbele.

Jina la hospitali sitaji, la daktari sitaji. Wale wa "fupisha uzi" mnisamehe, kufupisha sijui.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Kihonda hapa Morogoro, nashona sare za shule na nguo za harusi. Wazazi wangu wako Kinole, milimani Uluguru, upande wa ndizi na karafuu. Baba ni mkulima tangu anapata akili. Ni Mluguru kamili, yaani mbishi. Akikwambia mvua hainyeshi na wewe umelowa, utajikuta unajipapasa nguo.

Mambo yalianza na viatu.

Nilimnunulia baba viatu vya Idi. Siku ya Idi havikuingia. Akanilaumu mbele ya wageni kwamba fundi mzima nimeshindwa kukadiria mguu wa baba yangu. Nikainama kumsaidia kuvivaa, ndipo nikaona miguu yenyewe. Imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki pale pale.

Nikamuuliza mama. Mama akaanza kusema kidogo kidogo kama mtu anayeogopa kusikiwa. Kwamba mzee siku hizi halali chali, anakaa ameegemea mito na magunia mpaka kunakucha. Kwamba akienda shamba anapumzika kila kona ya njia, na njia ile alikuwa anaipanda na mkungu wa ndizi kichwani huku anapiga mluzi. Kwamba akisemeshwa, anasema ni gesi.

Gesi! Wakuu, katika nchi hii gesi imesingiziwa mambo mengi sana.

Nikamwambia baba tushuke mjini hospitali. Akasema amalize karafuu kwanza. Karafuu zikaisha, ikawa maulidi. Maulidi yakapita, ikawa kuna msiba wa jirani, hawezi kuondoka. Mwishowe nikafunga kibanda, nikapanda Kinole, nikakaa uani nikamwambia siondoki bila yeye, na wateja wangu wa sare wananisubiri. Hapo ndipo akapanda bodaboda, amenuna. Mama akapanda ya pili nyuma yake kuhakikisha harudi.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari wa kwanza akamsikiliza kifua, wakampachika zile waya za kifuani, wakampiga picha ya eksirei. Kisha akasema, mzee anahitaji ECHO ili tujue moyo unasukuma damu kiasi gani.

Kwa wasiojua, ECHO ni kipimo chepesi sana. Hakuna sindano, hakuna kisu, hakuna damu. Unavua shati, unalala kwa ubavu wa kushoto, wanakupaka kimiminika cha ubaridi kifuani, kisha daktari anapitisha kifaa juu ya ngozi na moyo wako unaonekana kwenye skrini ukifanya kazi. Wanaangalia milango yake inavyofunga na kufungua, na ukijikamua unatoa damu kiasi gani kati ya ile iliyojaa ndani. Kile kiasi wanakiita EF. Ukimaliza unafutwa, unavaa shati, unakwenda zako. Ni kile kile wanachofanyiwa wajawazito, ila hiki ni cha moyo.

Nilimweleza baba yote haya. Aliyosikia yeye ni neno "moyo" tu. Kichwani mwake tayari alikuwa amepasuliwa. Tumekaa kwenye benchi akaanza kunipa wosia wa shamba, na shamba lenyewe ni la ukoo wa mama yake, maana kwetu ardhi inafuata upande wa mama, ya wajomba na wapwa, sisi watoto wake hatulirithi na yeye anajua. Mluguru akianza kuusia shamba lisilo lake, ujue ameogopa kweli.

Tukaitwa ndani. Chumba kina ubaridi, taa hafifu, mashine kubwa. Daktari mwenyewe ni mwanaume wa rika langu, mwili mkubwa, sauti ya kujaa. Akamwomba baba avue shati. Baba akashika vifungo kwa mikono miwili na hakufungua hata kimoja. Pumzi inapanda juu juu. Daktari akamwangalia, akamwangalia tena, halafu akauliza kwa upole, mzee kwenu wapi?

Baba akasema Kinole.

Daktari akaweka kile kifaa chini. "Kumbe wameniletea mtumwa wangu," akasema. "Hawakuniambia. Ningemwandalia kamba."

Mnyamwezi wa Tabora huyo, wakuu.

Kwa wadogo zangu mliokulia mjini bila kufundishwa: Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana, akakuita mtumwa, akakunyang'anya kofia mbele za watu, na kukasirika huruhusiwi. Ukikasirika umeshindwa. Unatakiwa umjibu kwa kali zaidi. Hata msibani mtani anaruhusiwa kuvaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, hata kulala kaburini mpaka alipwe, na wafiwa wanacheka na machozi yao. Ni kitu kizuri sana, mimi nimekua nacho. Ila siku ile kilituangukia vibaya.

Maana baba alibadilika hapo hapo. Mgongo ukanyooka. Akamuuliza daktari, nyie si wapagazi wetu, mzigo umeutua wapi mpaka ukaja kujificha kwenye chumba cha baridi? Na huku anauliza, anafungua vifungo mwenyewe. Akalala. Akapakwa ule ubaridi na hakuuhisi. Wakaanza kurushiana maneno kama watu wanaocheza bao, na mkono wa daktari unapita kifuani, macho yake hayatoki kwenye skrini. Hata mimi nilicheka. Mama aliyekuwa nje mlangoni alicheka.

Sasa sikilizeni majibu yalivyotolewa. Daktari akamwambia: "Mluguru, moyo wako mvivu. Unasukuma damu huku unasubiri mjomba aje akusaidie."

Baba akasema Mnyamwezi amezoea mizigo, leo wamempa televisheni anaiita moyo.

Daktari akamwambia atamwandikia dawa, azinywe kila siku mpaka yeye mwenyewe atakapomruhusu kufa. Na asipozinywa, atapanda Kinole avae kanzu yake aicheze msibani, na kaburini atalala yeye kwanza mpaka alipwe kuku. Baba alicheka mpaka akakohoa. Akamjibu kwamba kaburi la Mluguru liko mlimani, Mnyamwezi hawezi kufika, atakata pumzi njiani.

Wakati baba anavaa shati, daktari akanivuta mlangoni. Sauti ikawa nyingine.

"Dada, hapa sitanii. Moyo wa mzee umetanuka na umechoka. Kazi unayofanya haifiki nusu ya inayotakiwa. Dawa hizi asiache hata siku moja, na chumvi muipunguze sana. Akiacha, mtampoteza."

Nikageuka, baba anatoka anafunga kifungo cha mwisho, uso umejaa furaha kama mtu aliyeshinda mechi ya ugenini.

Nikawapandisha Kinole na dawa zao kwenye mfuko. Nikamweleza mama asubuhi ipi, jioni ipi. Nikarudi kwenye cherehani yangu nikijua kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ndiyo ilikuwa inaanza.

Nikipiga simu kuuliza hali, namsikia baba nyuma anasimulia. Anasimulia barazani, anasimulia baada ya swala, anasimulia kwa wanunuzi wa ndizi. "Nikamwambia, kaburi langu huliwezi wewe, utakata pumzi." Watu wanacheka. Na kila wiki hadithi inaongezeka nyama. Mara daktari alishindwa la kusema. Mara daktari alipiga magoti. Kinole nzima walijua mzee alikwenda mjini akamshinda mtani wake kwenye chumba chake mwenyewe cha kazi.

Nauliza, dawa anakunywa? Mama anasema, muulize mwenyewe. Namuuliza mwenyewe, anasema, dawa za nini?

Wakuu, naomba mnielewe hapa, maana hapa ndipo nilipoanza kuota mvi. Baba yangu si mjinga. Alikuwa na mantiki yake na ilikuwa imenyooka. Aliyesema moyo mvivu ni mtani. Mtani ni kazi yake kukuambia utakufa. Ukiamini na kuanza kumeza vidonge, umeshindwa utani, na yule Mnyamwezi huko aliko atacheka mpaka aanguke. Kwa hiyo kutokunywa dawa, kwa baba, ndiko kushinda.

Nikamwambia, baba, yule daktari mlangoni aliniambia mimi, bila utani, kwamba ni kweli unaumwa.

Akanionea huruma. "Mwanangu, na wewe alikuwa anakutania. Wewe si Mluguru?"

Nikakata simu.

Nikajaribu njia nyingine. Kuna muuguzi wa zahanati, mama wa Kipare, nikamwomba aende nyumbani akazungumze naye. Akaenda, mtu mzima wa watu, akaeleza kila kitu vizuri. Baba akamsikiliza, akamkaribisha ndizi, na alipoondoka akasema ametumwa na yule Mnyamwezi.

Nikamwambia basi twende kwa daktari mwingine upimwe upya. Akasema ameshapimwa, tena kwa kipimo kikubwa. Moyo ameuona mwenyewe kwenye skrini, unacheza. Moyo uliochoka unacheza vile?

Nilipanda mwenyewe kwenda kuhakikisha. Mfuko wa dawa niliukuta umening'inizwa juu ya jiko, umepata moshi, haujafunguliwa. Na chakula cha mchana kilikuwa ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kwa ndizi. Nilitupa ng'onda kwa kuku. Baba akasusa kula. Mama akaniambia, mwenzio ni mtu mzima, usimtie aibu kwa ajili ya samaki. Nikashuka mlima nalia kwa hasira, kuna mama mmoja njiani akanipa pole akidhani nimefiwa.

Najua kuna watakaosema, mama alikuwa wapi? Mama alikuwa pale pale, na mama naye alicheka siku ile. Mtu akimchekesha mumeo aliyekuwa ameshikwa na woga, unampenda. Na mama alimwona mumewe amerudi kuwa yule wa zamani, mwenye maneno. Hakutaka kumrudisha kwenye kuogopa. Nilikuwa namkasirikia, lakini namwelewa.

Halafu ikaja siku ya machela.

Baba alikwenda shamba asubuhi kuangalia migomba iliyoangushwa na upepo. Hakurudi. Walimkuta amekaa chini njiani, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Bodaboda haifiki kule. Wanaume wakafunga miti na mablanketi, wakambeba mpaka barabarani kwa kupokezana, kwenye utelezi wa mvua. Mama anasema njia nzima baba hakusema neno. Hilo ndilo lililomtisha. Baba kubebwa na asilaumu wabebaji, hilo halijawahi kutokea.

Niliwakuta hospitali. Wamemwekea oksijeni, wamemchoma sindano za kutoa maji mwilini. Daktari wa wodi akaniuliza swali moja tu, dawa zake alikuwa anakunywa? Unaanzia wapi? Unaanza kumwambia daktari habari za misafara ya pwani?

Siku zilizofuata maji yakatoka, pumzi ikashuka, uvimbe ukapungua. Nikasema sasa amejifunza. Nikaenda kumletea uji. Naingia wodini nasikia mgonjwa wa kitanda cha pili anacheka amejishika mshono. Baba anasimulia. "Nikamwambia, kaburi langu huliwezi."

Na mama, wakati wa kusafisha kikombe cha chai, akakuta vidonge viwili chini ndani yake, vimeanza kuyeyuka. Baba alikuwa anaviweka mdomoni mbele ya muuguzi, muuguzi akipita anavitema.

Nilisimama pale na kile kikombe mkononi. Nilitoka, nikateremka ngazi, nikaenda moja kwa moja chumba cha ECHO. Kulikuwa na foleni, nikasubiri mgonjwa aliyekuwemo atoke, nikaingia kabla ya aliyefuata. Najua si ustaarabu. Siku ile ustaarabu ulikuwa umeniishia.

Nikamwambia daktari, utani wako unamuua baba yangu.

Nikamweleza yote, mfuko juu ya jiko, ng'onda, machela, kikombe. Hakunikatiza. Nilitegemea atajitetea au aniambie nipange foleni. Alikaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka, akaniuliza, hajanywa hata kimoja? Nikasema, nijuavyo mimi, hata kimoja.

Akasema siku ile mzee alivyoingia, mapigo yalikuwa yanakimbia kwa woga na asingekubali hata kulala kitandani. Bila ule utani asingempima. Baada ya kumpima alidhani akishaniambia mimi mlangoni, yake yamekwisha.

Nikamwambia, kwa Mluguru hayajaisha. Akatikisa kichwa. Akasema, hata kwetu hayaishi.

Akawaomba radhi wa kwenye foleni, akapanda na mimi.

Tulivyoingia wodini baba alimwona toka mlangoni. Wakuu, uso ule ungeuona. Alijiinua kwenye mito, akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima: "Mpagazi! Umekuja kupima kanzu?"

Wagonjwa wakageuka kusikia jibu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameshaanza kucheka.

Daktari hakujibu. Alikwenda mpaka kitandani. Aliinamisha kichwa kidogo, kama kijana mbele ya mtu wa makamo ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

Hapo lazima niwaeleze. Mtani hakupi shikamoo. Anaweza kukupa jina la mbwa, anaweza kukuuliza mbona hujafa, lakini ile heshima ya kukuona mtu mzima na kuishia hapo, hiyo hakupi. Baba katika maisha yake yote hajawahi kupewa shikamoo na Mnyamwezi anayemjua kuwa yeye ni Mluguru.

Baba alisubiri. Nilimwona anasubiri. Alikuwa na tabasamu bado, anasubiri kile kinachofuata, ule mkia wa maneno utakaoonyesha kwamba hata hiyo shikamoo ni mtego. Daktari amesimama, mikono ameishika mbele. Hakuna kilichofuata. Lile tabasamu likaanza kuondoka usoni kwa baba polepole, na mimi nikatamani nisiwe nimemleta yule mtu.

"Marahaba," baba akasema.

Daktari akavuta kiti akakaa. Akamweleza kila kitu kwa Kiswahili cha kawaida. Alichokiona kwenye skrini. Kwamba kuona moyo unacheza si kuona unafanya kazi ya kutosha. Kwamba maji ya miguuni na ya kifuani yanatoka huko huko. Kwamba dawa hazitamrudisha kuwa kijana ila zitamweka, na akiziacha machela ijayo haitawahi. Hakuweka neno hata moja la kuchekesha. Hakumwita Mluguru. Kila baada ya maneno mawili matatu, baba, baba.

Baba akamuuliza, "Ni kweli hiyo?"

"Ni kweli, baba."

Baba akageukia upande wangu, akaniambia nimletee maji, na vile vidonge.

Mama alitoka nje ya wodi. Nilimsikia analia huko kwenye veranda. Mimi nilisimama na glasi nikimwangalia baba akimeza, na badala ya kufurahi nilijiona kama nimemfanyia ukatili. Maana ndiyo siku ya kwanza alijua anaumwa.

Basi, wakuu. Baba tumemhamishia kwangu Kihonda, karibu na hospitali. Dawa anakunywa bila kukumbushwa. Chumvi tunapigana kila siku, anasema mchicha wangu una ladha ya karatasi, lakini anaula. Miguu imerudi kawaida, vile viatu vya Idi sasa vinaingia na yeye anasema vimekuwa vikubwa, bado kosa ni langu. Usiku analala kwenye mto mmoja.

Juzi juzi tulirudi kupima ECHO ya pili. Daktari yule yule. Akampa shikamoo, akampima kimya, akaniambia mbele yake kwamba moyo umeongezeka nguvu. Si wa kwenda nao mlimani, ila umeongezeka. Mimi nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Tumefika nyumbani, nimemwekea chai isiyo na sukari nyingi, ndiyo baba akaniuliza.

"Kama napona kweli," akasema, "mbona hanitukani?"

Nikamwambia, baba, daktari anakuheshimu. Akasema heshima ya namna ile anaijua, ni ya kumpa mtu anayeondoka. Chai akaiacha pale.

Na tangu hapo hasimulii. Majirani wa Kihonda wanamjua kama mzee mkimya. Baba yangu, mkimya!

Nilichojifunza ni haya. Mtu wako akivimba miguu na kushindwa kulala chali, usiseme gesi, mpeleke akapime moyo, ni kipimo cha kulala ubavu tu. Na majibu yakitolewa, hakikisheni mgonjwa mwenyewe ameambiwa kwa uso mkavu. Msiambiwe nyie mlangoni halafu mkajiona mmemaliza. Madaktari mliomo humu, na nyie mlisikie hilo.

Ila sikuandika kwa ajili ya hayo peke yake. Nina swali na sina wa kumuuliza.

Kliniki ijayo inakaribia. Naweza kumpigia daktari nikamwomba amtukane baba kidogo, arudi kuwa mtani wake. Najua baba atacheka, na kucheka kwake nakuhitaji hata mimi. Lakini nikiwaza ule mfuko wa dawa juu ya jiko, naishika simu na kuiweka.

Waluguru na Wanyamwezi mliomo humu, na yeyote aliyewahi kuuguza mzazi mbishi: mngekuwa mimi, mngepiga?